Mijusi wa Mzigo wa Jirani

Mtoto wa dada yangu ni daktari, lakini usimpelekee mgongo wako. Ilibidi tuwaambie hivyo watu wa hapa Xiaobei, mtaa wetu wa Guangzhou, mara nyingi, maana habari zilipoenea kwamba kwangu mimi Benedicta kuna daktari, wakaanza kugonga mlango. Huyu goti, yule presha, na Joachim wa viatu akataka kujua kwa nini akila pilipili anashikwa na kwikwi. Kissa aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akawaeleza kwamba yeye ni daktari wa mijusi. Tena hawatibu, anawasoma tu. Joachim aliniangalia kwa huruma na kunipa pole, kana kwamba nimefiwa.

Na mimi nilikuwa najihurumia pia. Sisi wengine tulikuja Guangzhou kutafuta nguo, simu, vigae na vipodozi. Kissa peke yake ndiye aliyevuka bahari kuja kutafuta mjusi kafiri, yule yule aliyemwacha ukutani kwa mama yake kule Kyela. Akasoma shahada ya kwanza nyumbani, ya pili huku, ya tatu huku huku, mpaka madarasa yakaisha. Nikasema sasa tumepona, atafute kazi. Akaniambia, "Mama mdogo, sasa naomba posdoki."

Nikamwuliza hiyo nayo ni nini. Akanieleza kwamba ni ufadhili wa utafiti anaopewa mtu aliyekwisha kupata udaktari lakini bado hakuna anayemwita profesa. Unapewa miaka miwili au mitatu, mshahara wa kubana, na ruhusa ya kufuata swali lako mwenyewe. Nikaelewa: ni fundi aliyemaliza kujifunza kushona, ila bado hana cherehani yake. Hii aliyoiomba ilitolewa na mfuko mmoja unaosaidia watafiti vijana wa ikolojia na mageuzi ya viumbe. Walioomba walikuwa wengi sana, wakachujwa na kuchujwa, na Kissa alikuwa bado kwenye chekeche na wenzake wachache.

Akiipata, angebaki Guangzhou kwenye maabara ya Profesa Liang, aliyemfundisha. Akiikosa, viza yake ya uanafunzi ilikuwa ukingoni na angerudi nyumbani, ambako vyuo vilikwisha kumjibu kwamba nafasi hakuna. Kaka yake alishamtengea kiti kwenye duka lake la kava za simu. Sina ubaya na kava za simu, mimi mwenyewe nilianza nazo. Lakini yule mtoto akimwona mjusi kwenye dari la chumba changu anasahau hata kijiko kilichoko mdomoni, na mimi sikutaka kumwona akisahau mijusi.

Swali lake, nikilieleza kwa akili yangu, ni hili. Mjusi wa nyumba za huku Asia ana kelele, chak chak chak, utadhani mtu anamwita paka. Wa kwetu ni mpole, hana makuu. Kissa aliamini kwamba hawa wenye kelele wanapanda makontena yetu, wanajibanza kwenye mabelo ya nguo na maboksi ya taa, wanashuka Dar es Salaam, na huko wanawasukuma wa kwetu kutoka kwenye taa walizozizoea. Kisha kizazi kwa kizazi nao wanabadilika kwa sababu ya ugeni: vidole, rangi, hata chakula. Hayo ya kubadilika ndiyo aliyotaka kuyachunguza. Lakini yote yalisimama juu ya jambo moja: je, mjusi anapanda kweli? Jopo la mfuko lilitaka aje na dalili za mwanzo siku ya usaili.

Kwa hiyo akaenda kuwauliza wenye mizigo. Ningekuwepo ningemzuia, ila siku hiyo nilikuwa Zhongda, kwenye soko la vitambaa, nagombana na mtu juu ya rangi ya kijani.

Lazima nieleze watu wa mizigo walivyo. Wakala wa mizigo hana kiwanda, hana duka, ana jina tu. Likisikika kwamba kontena lake limeingia maji, hata tone, kesho wateja wako mlango wa pili. Kwa hiyo kwetu mwenye mzigo hausemi mzigo wake. Ukimwuliza, ni safi. Hata meli ikizama atakuambia imechelewa kidogo. Na mjusi ni mbaya kuliko maji, maana akitoka Xiaobei ni mjusi, akifika Kariakoo ni kenge.

Kwenye ukumbi wetu, ghorofani, mawakala wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni Bimdogo, mama wa Kiunguja, ambaye chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya ananiombea heri. Mlangoni kwake aliandika kwa herufi nyekundu: MZIGO SAFI, UNAFIKA SALAMA. Wa pili ni Msabaha, mlango unaotazamana na wake, naye akaandika: MZIGO SAFI ZAIDI. Walisalimiana kila asubuhi kwa heshima zote, wakaulizana hali za watoto, na sijawahi kuwaona wakinywa chai meza moja.

Kissa akaanza na Bimdogo. Akampa shikamoo, akaketi, akauliza kama kontena likifunguliwa Dar huwa wanakuta mjusi. Bimdogo alimjibu bila kuinua macho kwenye kikokotoo chake: mei you. Ndilo neno la Kichina tulilolisikia kuliko yote, hakuna, kwa sababu wenye maduka wametujibu nalo miaka yote. Sasa ikawa zamu yetu. Msabaha, mei you. Joachim, ambaye viatu vyake anavitoa kule Liuhua kwenye ghala lenye mijusi kuliko viatu, aliapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kukutana na mjusi. Kissa akapiga simu kwenye stoo za Kariakoo, lakini huko wamekaa watoto na wakwe wa hawa hawa, na malezi ni yale yale.

Akarudi nyumbani na sifuri. Mstari wa matokeo yake kwenye kompyuta ulilala chini kabisa, haukuinuka hata kidogo. Profesa Liang akamwambia kwa upole kwamba sifuri nayo ni jibu. Kissa alishusha begi lake kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja sweta.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kukunja, nikaukasirikia ukumbi mzima, nikamkasirikia na mjusi aliyekuwa anatuangalia kutoka kwenye dari bila haya. Nikamwambia arudishe hilo begi, hajashindwa, kadanganywa tu na watu wazima. Akanijibu kwamba mtafiti akidanganywa na wote ndiyo ameshindwa. Iliniuma.

Jioni ile nikamvuta kwenda kula. Pale chini kuna mgahawa wa biriani ambapo Bimdogo huwa na kiti chake, na akatukaribisha mezani. Aliona macho ya mtoto yamevimba, akauliza kulikoni. Kissa, kwa kuwa ana adabu kuliko mimi, alimshukuru kwa ushirikiano na kumwambia kwamba utafiti umekwisha. Mijusi hawasafiri. Mizigo yote ya ukumbi ni safi.

Bimdogo akaweka mfupa chini.

"Yote?" akauliza. "Na wa Msabaha umeuandika safi?"

Kissa akasema ndiyo, kwani Msabaha mwenyewe ndivyo alivyosema.

"Mwanangu," akasema Bimdogo, akisogeza kiti, "mwezi wa Ramadhani stoo ya Msabaha kulikuwa kukilia kama harusi. Hebu nikwambie."

Akamwambia. Maboksi ya taa yalifunguliwa wakatoka mijusi wakakimbilia ukutani, mkwe wa Msabaha akapanda juu ya meza, na jirani wa stoo alilihadithia jambo hilo mpaka sokoni Darajani, kwao Unguja. Alijua mwezi, alijua bidhaa, alijua na upande wa stoo walikohamia. Nikamtazama Kissa. Kijiko kilikuwa mdomoni na amekisahau.

Kesho yake akarudi ukumbini na swali jipya. Hakumwuliza mtu tena habari za mzigo wake. Alimwuliza habari za mzigo wa jirani. Jamani, bomba lilipasuka. Msabaha alifunga mlango, akamwagizia chai, akamweleza kontena la Bimdogo la vigae. Joachim akawaeleza wote wawili, kisha akaongeza Wakongomani wa ghorofa ya chini kama nyongeza. Watu waliokuwa na haraka ya kwenda kupakia wakakaa. Kissa akajiwekea sharti: jambo halihesabiwi mpaka lisemwe na watu wawili ambao hawakusikiana. Ukitajwa na adui yako tu, umepona. Ukitajwa na adui yako na rafiki yako pia, umekwisha.

Mstari ukainuka. Begi likarudi juu ya kabati, nami nikachoma kuku. Furaha yangu ilipungua kidogo nilipochungulia kompyuta na kukuta mabelo ya jinzi yaliyokwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, tena yametajwa na watu wawili. Mwenye jinzi za Mwanjelwa kwenye ukumbi ule ni mimi. Nikataka nijue nani kasema. Kissa akanijibu kwamba maadili ya utafiti hayamruhusu kumtaja. Nimemlisha miaka yote hiyo, leo ananiletea maadili.

Siku ya usaili mtandao wa kwetu ulikuwa unakwenda kwa kuchechemea, kwa hiyo Bimdogo akampa ofisi yake. Akafuta meza, akahamisha mabunda ya stika, akaketi pembeni ambako kamera haimwoni, na mimi nikaketi karibu naye. Mlango tuliuacha wazi kidogo kwa ajili ya joto. Ng'ambo ya ukumbi, mlango wa Msabaha nao ulikuwa wazi kidogo, na sidhani kama ilikuwa ni joto.

Jopo lilikuwa la watu watatu kwenye skrini: mzee wa Kizungu mwenye ndevu, dada mmoja wa Kibrazili, na mama wa Kichina mwenye miwani ambaye wengine walionekana kumwogopa. Walizungumza Kiingereza, na mimi cha kununulia na kugombania bei ninacho, kwa hiyo nilifuata. Kissa alieleza vizuri. Mzee wa ndevu alicheka kwa furaha aliposikia swali la jirani. Dada wa Kibrazili aliandika. Nikamfinya Bimdogo goti.

Ndipo yule mama wa miwani akauliza. Alisema ameipenda njia hii, lakini anaona kitu kimoja. Wote hawa ni washindani. Labda hakuna mijusi, kuna wivu tu, na Dokta Kissa amepima wivu wa wafanyabiashara kwa uangalifu mkubwa. Je, katika wote hao, yupo hata mmoja aliyesema: mzigo wangu mimi, nilikuta mjusi?

Mimi moyoni nilikuwa namwomba Kissa adanganye. Sema yupo, mwanangu. Sema yupo mmoja, amesafiri, nani atakwenda kumtafuta? Sisi hapa tunasema mzigo ni safi kabla hata hatujaamka vizuri, na hakuna aliyekufa. Nilifikiria pia kusimama mimi mwenyewe. Nikafikiria Mwanjelwa, nikafikiria wateja wangu walivyo na midomo, nikabaki kitini.

Kissa akasema, "Hapana. Hakuna hata mmoja. Na huo ndio udhaifu mkubwa wa kazi yangu."

Alilisema wazi, huku anamwangalia yule mama kwenye miwani. Mzee wa ndevu akaangalia chini. Nikaliona lile begi, nikaiona na sweta.

Kiti cha Bimdogo kikalia. Alinyanyuka, akaweka sawa ushungi wake, akaenda kusimama nyuma ya Kissa mpaka skrini ikajaa yeye. Kiingereza chake ni cha namba tu, lakini Kichina cha sokoni anacho cha kutosha kumliza mwenye kiwanda. Akamwita yule mama laoshi, mwalimu, kwa heshima, akasema polepole ili kila neno lifike:

"Laoshi, wo de huo, you bihu. Hen duo."

Mwalimu, mzigo wangu una mijusi. Wengi sana.

Kisha akamgeukia Kissa na kusema kwa Kiswahili, wala hakushusha sauti kwa ajili ya mlango, amfasirie. Kontena la vigae, kweli. Na kabla yake, la viti vya plastiki. Mwanawe alimpigia simu kutoka Kariakoo akimwambia mijusi wamejaa na wanapiga kelele, naye akamwambia aongeze sauti ya redio. Sasa wamezaliana, wajukuu zake wanawajua mmoja mmoja na kuwapa majina, na wale wapole wa zamani hawaonekani tena stoo nzima. Kissa alifasiri neno kwa neno. Yule mama wa miwani aliinama karibu na kamera, akamwuliza Bimdogo maswali kwa Kichina, moja baada ya jingine, na Bimdogo akamjibu kama anayejibu forodha, ila safari hii ukweli mtupu.

Skrini ilipozimwa Kissa alilia kwenye bega lake. Mimi nikamwuliza Bimdogo amepatwa na nini, maana anajua Msabaha yuko mlango wa pili.

"Mtoto kausema mzigo wake mwenyewe," akanijibu. "Mbele ya wateja. Mie miaka yote hii sijaona mtu kufanya vile. Nikaona haya kukaa."

Mpaka magharibi Xiaobei nzima ilikuwa inajua. Wateja wawili wa Temeke walihamisha mizigo yao siku iliyofuata, na Bimdogo aliwafungulia mlango mwenyewe wapitishe maboksi. Tulimsubiri Msabaha apige ngoma. Kwa kweli ilikuwa ni siku aliyoingojea tangu aje China. Badala yake akaja kwa Kissa, akasimama kizingitini, akakohoa. Alitaka kujua kama ni kweli Bimdogo ameingia kwenye sayansi. Kissa akasema ni kweli. Msabaha akakohoa tena, akasema kama ni hivyo na yeye aandikwe, na mijusi wake ni wakubwa zaidi.

Hapo ndipo ukumbi ulipopata kichaa. Joachim, ambaye hakuwahi kukutana na mjusi tangu azaliwe, alidai ana mia. Mkongomani mmoja alipanda ngazi kutoa taarifa ya mamba mdogo. Kissa alilazimika kuwaambia kwamba zoezi limefungwa, na kwamba Msabaha amehesabiwa kwa kuwa alishasemwa na wengine kabla. Wengine wote wakaondoka wamenuna, mizigo yao ikiwa safi kama zamani.

Jibu la mfuko lilikuja wakati niko Liuhua katikati ya vurugu za wachuuzi. Kissa alinipigia, alikuwa anapumua tu. Nikajua. Nilikaa juu ya belo la watu nikalia, na mwenye belo akadhani nalilia bei, akanipunguzia.

Alipewa miaka miwili, pamoja na ruhusa ya kukagua makontena huku kabla ya kufungwa na kule Dar yakifunguliwa, kwa ridhaa ya wenyewe. Wa kwanza kuridhia alikuwa Bimdogo. Siku Kissa alipokuja na karatasi zake mpya, mimi nilikuwa nimesimama ukumbini, nikaona mlango wa Bimdogo. Alikuwa amefuta neno moja. Yale maandishi mekundu sasa yalisomeka: MZIGO UNAFIKA SALAMA. Msabaha alikuwa anayatazama pia, mikono nyuma.

Kissa akaja kwangu kwanza, maana mimi ndiye mama mdogo. Akaketi, akafungua kompyuta, akaniuliza kwa sauti ile ya kidokta ambayo sijaizoea bado: mabelo yangu ya jinzi, Mbeya, je, kulikutwa mjusi?

"Safi," nikamwambia. "Andika safi."

Akaandika. Hakubishana, alinishukuru kwa ushirikiano. Nilifurahi jinsi alivyokaa pale, hana haraka ya kwenda popote, miaka miwili mizima. Kisha akafunga kompyuta, akatoka, akagonga mlango unaofuata. Nilimsikia akitoa shikamoo. Nilimsikia akiuliza, kwa adabu ile ile, kama kuna lolote analolijua kuhusu jinzi za jirani. Nikasogeza sikio kwenye mbao.

"Funga mlango, mwanangu," akasema Bimdogo. "Ukae vizuri. Hiyo habari ndefu."